Kuangalia Hali ya Mwanafunzi Awapo Kwenye Mafunzo kwa Vitendo: Mwongozo kwa Waratibu na Wasimamizi Mkoani Dodoma

Mitihani ya muhula wa pili inapokwisha, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dodoma hutawanyika. Baadhi huripoti kwenye ofisi za wizara katika Mji wa Serikali Mtumba, baadhi kwenye hospitali na halmashauri, na wengi wa ualimu hupangiwa shule za sekondari za Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa. Chuo humpa kila mmoja barua ya utambulisho, daftari la kumbukumbu za kila siku na jina la mhadhiri atakayekwenda kumkagua. Baada ya hapo mratibu wa idara hupumua, akisubiri ripoti.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mratibu huyo, pamoja na msimamizi wa mahali pa kazi anayempokea mwanafunzi. Umejengwa juu ya hoja moja: mwanafunzi anayeharibikiwa akiwa kwenye mafunzo kwa vitendo mara nyingi huanza kuharibikiwa kwa sababu ya chumba, nauli, chakula na upweke, na mambo hayo yote yanaweza kuulizwa na kupangwa kabla hajapanda basi. Ushauri nasaha una nafasi yake, nayo ni kubwa, ila mtu mwenye njaa hapaswi kuanzia kwa mshauri nasaha.

Kabla ya barua ya utambulisho kutoka

Idara nyingi huwapangia wanafunzi vituo kwa kufuata nafasi zilizopatikana, kisha hubandika majina ubaoni au kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp. Kabla ya kufika hapo, mratibu awape wanafunzi fomu fupi ya ukurasa mmoja yenye maswali manne: utalala wapi, nani atakulipia gharama, nani apigiwe simu likitokea jambo, na je, kuna hali yoyote ya kiafya au ya kifamilia ambayo ungependa izingatiwe katika kukupangia kituo. Swali la mwisho liwe la hiari, na fomu iseme wazi ni nani atakayesoma majibu.

Majibu ya swali hilo hubadilisha mambo mengi. Mwanafunzi mwenye selimundu au kifafa hafai kupelekwa kijiji ambacho usafiri wa kufika hospitali ni bodaboda ya kuitwa kutoka mbali. Mwenye pumu anapaswa kujua mapema kwamba kati ya Julai na Septemba, wakati ambao wengi huwa kwenye mafunzo, Dodoma huwa kavu, upepo huvuma na vumbi hutimka, hivyo aende na dawa zake za kutosha badala ya kutegemea kuzipata huko. Mwenye ulemavu wa viungo hapaswi kugundua siku ya kuripoti kwamba ofisi aliyopangiwa iko ghorofani na lifti haifanyi kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kuwekewa mazingira yanayomfaa, na ni kazi ya chuo kuuliza kabla yake. Mama anayenyonyesha apangiwe kituo kilicho karibu na anapoishi mtoto, na asilazimike kuomba jambo hilo kana kwamba anaomba fadhila.

Taarifa za afya ni taarifa nyeti, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka zikusanywe kwa sababu maalumu na zilindwe. Kwa lugha ya ofisini, maana yake ni kwamba fomu hizo haziachwi juu ya meza ya mapokezi, hazipigwi picha, wala hazitumwi kituoni pamoja na barua ya utambulisho. Msimamizi wa kituo aambiwe tu kile anachohitaji kukifahamu ili amsaidie mwanafunzi, na aambiwe kwa ridhaa ya mwanafunzi mwenyewe.

Fedha, chumba na nauli

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wahadhiri wengi huona haya kuuliza. Fedha za mafunzo kwa vitendo ni mojawapo ya vipengele vya mkopo unaotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, lakini si kila mwanafunzi ana mkopo, na si kila mwenye mkopo amepangiwa kipengele hicho kwa kiwango kinachomtosha. Tena bumu, yaani fedha hizo za mkopo, likichelewa wakati wanafunzi wako chuoni, wanakopana, wanapika pamoja na wanakwenda kwa wingi kuuliza ofisini. Likichelewa mwanafunzi akiwa peke yake Kibaigwa au Kondoa, hana wa kumkopa, na foleni ya kuuliza iko mbali naye. Kwa hiyo mratibu ahakikishe, kabla ya wanafunzi kuondoka, kwamba kila anayestahili malipo amekamilisha taratibu zote za kupokea fedha hizo, kisha aandae orodha ya wale wasio na mkopo kabisa. Orodha hiyo ndiyo ya kuanza nayo pindi kazi ya kuwapigia simu itakapowadia.

Kuhusu chumba, wenye nyumba wengi mjini hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, ilhali mafunzo kwa programu nyingi huchukua takribani miezi miwili. Mwanafunzi hujikuta akilipia miezi asiyoikaa, au anahamia geto la rafiki ambako wanalala watu wanne kwenye godoro mbili. Zipo njia za kupunguza mzigo huo. Ya kwanza ni idara kuuomba uongozi wa chuo uwaruhusu wanaofanya mafunzo ndani ya Jiji la Dodoma waendelee kukaa hosteli wakati wa likizo kwa malipo ya kawaida. Ya pili ni kuwapanga wanafunzi wawili wawili kwenye kata moja ili wagawane chumba. Ya tatu, ambayo hufanya kazi kuliko inavyodhaniwa, ni barua ya idara kwa mwenye nyumba inayoeleza kwamba mpangaji ni mwanafunzi, atakaa kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, na kwamba chuo kinamtambua. Wenye nyumba wengi ni wazazi pia, na barua yenye mhuri huwalainisha. Mwanafunzi aonywe asitegemee nyumba za kulala wageni hata kwa siku chache za mwanzo bila kuulizia, kwa sababu Bunge linapokuwa na mkutano, au maonesho ya Nanenane yanapofanyika Nzuguni mwanzoni mwa Agosti, vyumba hujaa na bei hupanda.

Nauli nayo ipigiwe hesabu ya kweli. Mtumba iko nje kabisa ya katikati ya jiji, kwenye barabara ya kwenda Dar es Salaam, na mwanafunzi anayeishi Ng'ong'ona au Mkonze anaweza kulazimika kupanda gari zaidi ya moja kila asubuhi na kila jioni. Mratibu akae na wanafunzi kwa saa moja, waandike pamoja matumizi ya wiki moja: chumba, umeme wa LUKU, maji, chakula, nauli, bando na kuchapa ripoti. Wengi hushangaa kuona kwamba chakula ndicho hukatwa kwanza, kwa kuwa nauli haikopeshwi na kodi haisubiri.

Taasisi inayompokea mwanafunzi kwa kawaida haimlipi, na hakuna haja ya kuilaumu kwa hilo. Hata hivyo kuna mambo madogo ambayo msimamizi anaweza kuyafanya bila bajeti mpya. Ikiwa kuna basi la watumishi linalotoka mjini kwenda Mtumba, mwanafunzi apewe kiti. Ikiwa ofisi ina chai ya saa nne, kikombe chake kiwepo bila yeye kungoja kukaribishwa. Na ikiwa saa saba mchana wenzake wote wanatoka kwenda kwa mama lishe naye kila siku anabaki mezani akisema ameshiba, msimamizi asidhani kwamba huyo ni mchapakazi. Amwite pembeni amuulize.

Idara nayo iwe na mfuko mdogo wa dharura, hata kama unatokana na michango ya wahadhiri na wahitimu. Kanuni ya mfuko huo iwe rahisi: mtu mmoja anayejulikana aidhinishe, fedha itumwe kwa simu siku hiyohiyo, na mwanafunzi asiitwe mbele ya kamati kueleza umaskini wa nyumbani kwao.

Wiki ya kwanza kituoni

Mwanafunzi anapaswa kufika akikuta mtu anayelijua jina lake. Jambo hili linaonekana dogo, lakini tofauti kati ya kuambiwa "karibu, tulikuwa tunakutegemea" na kuambiwa "kaa hapo kwenye benchi, bosi yuko kikaoni" hukaa kichwani mwa kijana kwa wiki nzima. Kituo kimteue mtu mmoja, si idara, atakayekuwa mlezi wake, na chuo kiwe na namba ya simu ya mtu huyo kabla ya siku ya kuripoti. Mlezi amwoneshe mahali pa kukaa, choo, maji ya kunywa, na amweleze saa za kazi. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, na mwanafunzi wa kike anayeombwa kubaki hadi saa moja usiku ana haki ya kuuliza atarudije nyumbani.

Kukaa bila kazi huumiza kuliko wengi wanavyofikiri. Mwanafunzi aliyesoma miaka miwili kisha akawa mtu wa kutoa nakala, kununua vocha na kutazama simu huanza kujiona hana thamani, na daftari lake la kumbukumbu hujaa sentensi za kubuni. Msimamizi ambaye hana kazi kubwa ya kumpa amkabidhi jambo dogo lenye mwanzo na mwisho, kama vile kupanga upya rejista ya barua za mwaka mmoja au kuandaa muhtasari wa kikao, kisha alisome na kulisahihisha mbele yake.

Shuleni tatizo huwa kinyume chake. Shule yenye upungufu wa walimu wa hisabati na fizikia humpokea mwanafunzi wa ualimu kama mvua ya kwanza, na ndani ya siku mbili hujikuta amepewa vipindi vya kidato cha kwanza hadi cha nne, pamoja na zamu. Mkuu wa shule hafanyi hivyo kwa ubaya. Ana wanafunzi ambao hawajaonana na mwalimu wa somo hilo tangu muhula uanze. Ndiyo maana idadi ya vipindi ijadiliwe na kuandikwa kwenye barua ya chuo mapema, maana kijana wa miaka ishirini na mbili hawezi kumkatalia mkuu wa shule aliyempa na chumba cha kulala. Vijijini, mkuu wa shule au mlezi ampeleke pia mwanafunzi kwa mtendaji wa kijiji na kwa majirani. Anayeamkiwa kwa jina njiani, na ambaye amejua walau kuitikia salamu ya Kigogo, hana upweke kama wa yule anayeitwa "mgeni wa shule" hadi siku ya kuondoka.

Kupiga simu, na namna ya kuuliza

Simu ya kwanza ipigwe kati ya siku ya tatu na ya tano. Mratibu mwenye wanafunzi wengi agawane kazi hiyo na wenzake, akianza na ile orodha ya wasio na mkopo na wale waliotaja hali za kiafya. Tatizo ni kwamba sisi tumelelewa kujibu "salama" hata tukiwa na homa. Mwanafunzi akiulizwa na mhadhiri wake "hali yako?", atajibu "nzuri, shikamoo Mwalimu, namshukuru Mungu", na simu itakatwa bila mtu kujua chochote. Kwa hiyo ulizia vitu vinavyoonekana: jana usiku umelala wapi, umekula nini, mchana ulikuwa na nani, kazi uliyoifanya leo ni ipi, maji unayapata wapi. Anayejibu swali la chakula kwa kusitasita, au anayesema "tulikula" bila kutaja chakula, ameshasema mengi.

Kwenye vijiji ambako mtandao ni wa kubahatisha, wakubaliane kwamba kila Ijumaa mwanafunzi atatuma ujumbe mfupi wa maneno. Ujumbe usipofika hadi Jumamosi mchana, mratibu ampigie mlezi wa kituo; asisubiri Jumatatu. Wanafunzi waliopangiwa wilaya moja wafahamiane na wawe na namba za wenzao, kwani mara nyingi mwenzake ndiye hujua kwanza kwamba fulani haonekani.

Ziara ya msimamizi wa chuo

Ziara nyingi huenda hivi: gari la chuo linaingia likiwa na vituo vitatu vingine vya kupitia siku hiyo, dereva anaacha injini ikiunguruma chini ya mbuyu, mhadhiri anakaa nyuma ya darasa kwa dakika arobaini, anasaini daftari, anazungumza na mkuu wa shule, kisha anamwuliza mwanafunzi mbele ya mwenyeji wake, "Hakuna tatizo, eti?" Mwanafunzi anasema hakuna. Angesema nini?

Robo saa ya mazungumzo ya faragha iwe sehemu ya lazima ya ziara, na iwekwe kabla ya tathmini ya ufundishaji au ya kazi, si baada yake wakati kila mtu anatazama saa. Wakae mahali wanapoonekana lakini hawasikiki. Chini ya mti panatosha, na panamlinda pia mhadhiri dhidi ya maneno. Pale inapowezekana, anayetoa alama asiwe yeye pekee anayeuliza habari za maisha. Kijana hawezi kumweleza kwa uhuru kwamba amekuwa akilia usiku mtu ambaye baada ya dakika kumi atamwandikia alama. Idara yenye watu wachache inaweza kumtuma mshauri wa wanafunzi apige simu siku moja baada ya ziara.

Mhadhiri atazame na vile visivyosemwa: nguo zilizolegea mwilini kuliko alipoondoka, daftari lililojazwa siku zote kwa kalamu moja na mwandiko wa siku moja, mwanafunzi aliyekuwa mchangamfu darasani ambaye sasa anajibu kwa neno moja, au anayeshtuka mtu fulani anapoingia.

Rushwa ya ngono na unyanyasaji

Likija lalamiko la aina hii, mratibu asiwe na neno "vumilia, zimebaki wiki tatu". Kumtaka mtu ngono ili apewe alama, nafasi au saini ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU) hupokea taarifa bila malipo kwa namba 113. Polisi wana dawati la jinsia na watoto, na vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia la kwao.

Hatua ya kwanza ni kumtoa mwanafunzi kituoni siku hiyohiyo, kabla hata uchunguzi haujaanza, kwa sababu ya usalama wake. Hatua ya pili ni kumsaidia kuhifadhi ushahidi: ujumbe wa simu usifutwe, tarehe na maneno yaandikwe yangali mapya. Uamuzi wa kwenda TAKUKURU au polisi uwe wake, na mtu wa chuo amsindikize. Iwapo amebakwa, aende hospitali kwanza na mapema iwezekanavyo, bila kuoga na bila kufua nguo, ndani ya saa 72, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifanyi kazi zikichelewa kupita muda huo.

Kinachowafunga wanafunzi midomo zaidi ni hofu ya kurudia mwaka. Idara iandike kanuni mapema, na iisome kwenye kikao cha kuwaaga wanafunzi, kwamba anayeondolewa kituoni kwa sababu za usalama atapewa kituo kingine na wiki alizokwisha kufanya zitahesabiwa. Kanuni hiyo iwahusu na wavulana, ambao hunyanyaswa pia na huona aibu zaidi kusema.

Wanaofanya mafunzo hospitalini, na jina la Mirembe

Wanafunzi wa uuguzi, udaktari, saikolojia na ustawi wa jamii hukutana na mambo ambayo darasa haliwezi kuwazoesha: mtoto anayefia mikononi, ndugu wanaopiga mayowe wodini, mgonjwa anayetukana. Msimamizi wa wodi aweke desturi ya kuketi nao dakika chache baada ya tukio zito, kabla hawajarudi kulala na picha hiyo. Waulizwe waliona nini na walifanya nini, waambiwe lipi lilikuwa ndani ya uwezo wao na lipi halikuwa. Anayeomba kupumzika siku moja baada ya kushuhudia kifo kwa mara ya kwanza wodini apewe siku hiyo.

Dodoma ina hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, na hili lingepaswa kuwa faida kwa wanafunzi wetu. Lakini nchi nzima jina hilo limefanywa utani. Mtu akikosea kidogo huambiwa apelekwe Mirembe. Matokeo yake mwanafunzi asiyelala wiki nzima huogopa hata kutaja kwamba anahitaji msaada. Mratibu aseme waziwazi, kwenye kikao cha kuwaaga, kwamba kumwona daktari wa afya ya akili hakumaanishi kulazwa, na kwamba msaada wa kwanza unaweza kupatikana kwa mshauri nasaha wa chuo au katika hospitali iliyo karibu. Wanaopangiwa Mirembe kwa mafunzo watayarishwe wiki moja kabla, ikiwa ni pamoja na kuelezwa habari za Isanga, kitengo cha wagonjwa wanaoletwa kwa amri za mahakama.

Mwanafunzi anayezungumzia kufa, anayegawa vitu vyake, au ambaye hajalala wala kula kwa siku kadhaa, asiachwe peke yake na asipangiwe miadi ya wiki ijayo. Mlezi wa kituo akae naye, amwulize bila kuzunguka kama anafikiria kujiua, kwani swali hilo halimpandikizii mtu wazo hilo, kisha mwanafunzi apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Familia ipigiwe simu, baada ya kumwuliza yeye mwenyewe ni nani katika familia anayemwamini.

Wanaporudi

Wiki mbili baada ya chuo kufunguliwa, idara iwaite wanafunzi kwa makundi madogo, bila wasimamizi wa vituo, na iwasikilize kuhusu vituo vyenyewe: chumba kilipatikana vipi, nauli ilikuwa kiasi gani, mlezi alikuwepo au alikuwa jina tu kwenye karatasi. Maelezo hayo yaandikwe kwenye faili la kila kituo, ili mwanafunzi wa mwaka unaofuata aliyepangiwa shule hiyohiyo ajue mahali pa kupanga na kiasi cha kubeba. Kituo kilicholalamikiwa kwa uzito kiandikiwe barua na kisipelekewe mwanafunzi hadi kijibu, hata kama mwaka huo nafasi ni chache na mkuu wa idara anasisitiza kwamba majina lazima yabandikwe ifikapo Ijumaa.